Moshi Haujui Mpaka: Somo la Watu wa Jabali la Tariki



Nyumba mbili zikiteka maji katika kisima kimoja, na kila moja ikalalamika juu ya uchafu wa nyumba ya pili bila kuutazama wake, kisima hicho kitapona namna gani? Swali hili si kitendawili. Iko ghuba moja katika Ulaya ambayo watu wake wameliuliza kwa miaka mingi, na habari zao zafaa kutufundisha. Basi katika somo hili tutazame neno moja tu: mtu atakaye kuikinga nchi yake na uchafu wa jirani hana budi kuushuhudia na uchafu utokao kwake mwenyewe. Asipofanya hivyo, yeye ni mdai tu, wala si shahidi. Na neno la mdai halisikiwi ng'ambo ya mpaka.

1. Mahali penyewe

Mahali hapo huitwa Gibraltar. Jina hili sisi twaweza kulifahamu upesi, maana asili yake ni Kiarabu, Jabal Tariq, yaani Jabali la Tariki. Huyo Tariki bin Ziyad alikuwa jemadari aliyevuka bahari kutoka Afrika mwaka 711 akaingia Hispania. Jabali lenyewe lina kimo cha mita 426, nalo limesimama penye mlango wa bahari, pale Bahari ya Atlantiki inapoingia katika Bahari ya Kati. Afrika yaonekana ng'ambo kwa macho. Nchi yote haizidi kilometa 7 za eneo, na watu wake wapata 34,000.

Jabali liliingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1704, na kwa mapatano ya Utrecht ya mwaka 1713 Hispania iliwaachia. Lakini ugomvi haukuisha. Mwaka 1969 serikali ya Hispania iliufunga mpaka kabisa. Ukafunguliwa kwa waendao kwa miguu mwaka 1982, na kwa magari mwaka 1985. Hata juu ya bahari hawakupatana: Gibraltar yasema bahari iliyolizunguka jabali ni yake, na Hispania haikubali ila maji yaliyo ndani ya bandari.

Upande wa magharibi wa jabali pana ghuba, urefu wake kama kilometa 10 na upana kama kilometa 8. Ukiizunguka ghuba hiyo utaona Gibraltar upande mmoja, na miji ya Hispania upande wa pili: La Línea, San Roque, Los Barrios na Algeciras yenye bandari kubwa sana. Watu wa mataifa mawili, lakini maji ni mamoja na hewa ni moja.

2. Hatari zitokazo kwa jirani

Mwaka 1967 kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta kilifunguliwa San Roque, ukingoni mwa ghuba. Baadaye vikafuata viwanda vingine. Kazi ilipatikana, na watu wengi walikula kwa kazi hiyo. Jambo hili tusilisahau tunapohukumu. Lakini pamoja na kazi ulikuja moshi. Upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, harufu ya kiwanda huelekea Gibraltar. Ukigeuka ukavuma kutoka mashariki, moshi wa meli na wa mji wa jabali huvuka ghuba kwenda Algeciras. Sisi tujuao kaskazi na kusi twafahamu ya kuwa upepo hauombi ruhusa kwa askari wa mpakani.

Tarehe 26 Mei 1985, meli iitwayo Petragen One ilikuwa gatini pa kiwanda hicho ikishusha mafuta. Ikalipuka, na moto ukaishika na meli ya pili, Camponavia. Watu 33 walikufa. Tangu siku ile hakuna mtu wa ghuba hiyo awezaye kusema kwamba hatari ni maneno ya waoga.

Mwaka 1998 lilitokea jambo jingine, la kimya. Huko Los Barrios pana kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza chuma cha pua. Mwishoni mwa Mei kitu chenye sesiamu-137, ambayo hutoa mionzi, kiliingia tanuruni pamoja na vyuma chakavu, na vipimo vya langoni havikukigundua. Kikayeyuka, na mvuke wake ukapanda bombani ukaenda na upepo. Mwezi wa Juni wapimaji wa hewa wa Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani waliona dalili zake katika vipimo vyao. Kwa bahati njema kipimo kilichowafikia watu kilikuwa kidogo sana. Lakini angalieni: nchi zilizo mbali mamia ya kilometa zilipata habari katika hewa yao wenyewe. Hivyo ndivyo kosa la kiwanda kimoja linavyovuka mipaka.

3. Hatari iliyoletwa na mwenye nyumba

Kama habari ingekoma hapa, watu wa Gibraltar wangekuwa wenye haki na Wahispania wenye kosa. Lakini haikomi.

Tarehe 19 Mei 2000 nyambizi ya Waingereza, yaani manowari iendayo chini ya maji, iitwayo Tireless, iliingia Gibraltar. Nyambizi hiyo iliendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na bomba la kupozea mtambo wake lilikuwa limepata ufa. Ikakaa bandarini karibu mwaka mzima ikitengenezwa, hata ikaondoka tarehe 7 Mei 2001. Miezi ile watu wa pwani ya Hispania walifanya maandamano makubwa, na Gibraltar nako walikuwako waliopinga.

Fikirini jinsi jambo hili lilivyokuwa zito kwa mwenyeji wa jabali. Akinyamaza, watoto wake wakaa karibu na mtambo wenye ufa. Akisema, aweza kuambiwa kwamba amewasaidia wale waliomfungia mpaka. Hata hivyo wako waliosema. Katika siku zile ndipo kilipoanza kikundi cha wenyeji kiitwacho Environmental Safety Group, ambacho kimeendelea kusema juu ya hewa na maji ya mahali pale. Upande wa Hispania nao walikuwako watu wa namna hiyo, kama wale wa Verdemar. Serikali zao zilipokuwa zikigombana, hao walipashana habari, maana waliogopa jambo lile lile.

Kisha zikaja ajali za meli. Meli nyingi hutia nanga mahali hapo zijazwe mafuta, na biashara hiyo huleta fedha pande zote mbili. Mwezi Agosti 2007 meli New Flame, iliyobeba vyuma chakavu, iligongana na meli ya mafuta karibu na rasi ya Europa Point, kisha ikakatika. Na mafuta yakafika pwani ya Hispania. Mwezi Oktoba 2008 dhoruba iliipiga meli Fedra juu ya miamba ya rasi ile ile, ikavunjika. Watu wake 31 waliokolewa wote, na waokoaji wa pande zote mbili walishiriki kazi hiyo usiku ule bila kuuliza bahari ni ya nani. Tena tarehe 29 Agosti 2022 meli OS 35 iligongana na meli ya gesi, ikasogezwa mahali pa maji haba upande wa mashariki wa jabali ili isizame. Mafuta yakavuja, yakachafua pwani za pande mbili.

4. Uchafu wa nyumbani

Sasa twafika penye uchungu zaidi. Kwa miaka mingi maji machafu ya Gibraltar, pamoja na ya vyooni, yalimwagwa baharini penye Europa Point bila kusafishwa. Wenye nchi walizoea. Mkondo wa bahari ulikuwa na nguvu, uchafu ukaenda zake. Lakini tarehe 4 Mei 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu kwamba Uingereza ilivunja sheria ya maji machafu katika miji kadhaa, na Gibraltar ilikuwamo, kwa sababu maji yake hayakusafishwa hata kidogo.

Jiulizeni: mtu wa jabali akienda San Roque kulalamika juu ya moshi, naye akaulizwa, "Na maji ya choo chako huenda wapi?" atajibu nini? Habari ya kibanzi na boriti mwaijua, wala sina haja ya kuieleza. Wahenga wetu nao walisema nyani haoni kundule. Kwa hiyo nawasifu wenyeji wale ambao, pamoja na kulalamika juu ya kiwanda cha jirani, wamelalamika vile vile juu ya maji machafu ya kwao, na mitambo yao ya umeme, na meli zijazwazo mafuta katika maji yao. Hao wana haki ya kusikiwa, ingawa pengine jamaa zao hawakuwapenda kwa ajili hiyo.

Tazameni na jinsi jambo jema linavyoharibika likitiwa ugomvi. Mwezi Julai 2013 serikali ya Gibraltar ilizamisha baharini matofali makubwa 70 ya saruji, ikasema ni maficho ya kuzalia samaki. Wavuvi wa Hispania wakasema wameharibiwa mahali pa kutupia nyavu. Kisha ukaguzi wa mpakani ukakazwa, na magari yakakaa saa nyingi juani. Serikali ya Hispania ikisema yatafuta magendo ya sigara, na watu wa Gibraltar wakisema ni kisasi. Samaki wakasahauliwa. Walioumia ni wafanyakazi wanyonge, ambao wengi wao ni Wahispania waendao Gibraltar kila siku kutafuta riziki.

5. Kazi ya shahidi wa kweli

Katika Katekisimo tulifundishwa Amri ya Nane, ihusuyo ushahidi juu ya jirani. Mara nyingi twaifikiria kwa habari ya masengenyo tu. Lakini mwenye kushuhudia juu ya mto uliochafuliwa, au moshi udhuruo watoto, naye amesimama mahali pa shahidi. Basi imempasa mambo manne.

Kwanza, apime. Maneno "panaumiza, panatisha" hayatoshi. Mwenye kuandika siku, saa, mahali, upepo ulikotoka na alichokiona, kwa muda wa miezi, ameweka kitu ambacho mkubwa hawezi kukipuuza kwa urahisi. Ile sesiamu ya mwaka 1998 ilijulikana katika nchi za mbali kwa sababu walikuwako watu waliopima hewa kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na neno.

Pili, aseme habari nzima. Ataje faida ya kiwanda pamoja na hasara yake, na kosa la kwake pamoja na la jirani.

Tatu, amtafute mwenziwe ng'ambo. Yuko mama wa La Línea ambaye mtoto wake akohoa kama mtoto wa Gibraltar. Hao wawili wakisema neno moja, serikali zote mbili hazina pa kujificha.

Nne, ajue sheria. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1986 ghala ya madawa ya kiwanda iliungua karibu na mji wa Basel katika Uswisi. Maji ya kuzimia moto yakaingia mto Rhine pamoja na sumu, na samaki wakafa kwa wingi katika nchi zilizo chini ya mto. Baada ya msiba huo mataifa ya Ulaya yalifanya mapatano mawili. Moja lilifanywa Espoo katika nchi ya Ufini mwaka 1991, kwamba nchi itakayo kujenga kitu kiwezacho kumdhuru jirani imwarifu kwanza, na watu wa huko wapate kusema neno lao. La pili lilifanywa Helsinki mwaka 1992, juu ya ajali za viwanda zivukazo mipaka. Mapatano kama hayo hayafanyi kazi yenyewe, yahitaji mtu mdogo ajuaye kusoma, ayashike mkononi na kuuliza, "Mbona hatukuarifiwa?"

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ghuba ile bado ina moshi na meli, na kazi ya watu wake haijakwisha. Lakini wametuonyesha njia iliyo ngumu kuliko kelele, nayo ni kumwambia jirani kweli baada ya kuisema nyumbani kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

1. Maji machafu ya mji au kijiji chetu huenda wapi, na ni nani akaaye chini yetu anayeyapokea?

2. Ni uchafu gani tulioulalamikia kwa jirani? Je, tumepata kuandika siku na mahali, au twasema kwa kusikia tu?

3. Wako akina nani ng'ambo ya mto wetu au mpaka wetu waumizwao na jambo lile lile? Nani kati yetu atakwenda kuwasalimu?

4. Kama kiwanda kikitupa kazi na pia kikitudhuru, twawezaje kusema yote mawili bila kuficha moja?