SOMO: KOMPYUTA KUU INAPOKWAMA

Watumishi na wananchi wanakumbushwa kwamba kompyuta kuu ni mtambo mmoja unaohudumia ofisi nyingi kwa pamoja. Tanzania iliwekewa kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na miongoni mwa sababu ni kuharibika kwa kazi za hesabu za Serikali zilizofanywa kwa kompyuta.

Huko Digodigo, Wilaya ya Ngorongoro, Wabatemi hulima kwa mifereji. Maji yasipofika shamba la chini, hufuatwa mfereji hadi ionekane yalipoishia.

Msimamizi wa kompyuta naye afanye vivyo hivyo. Orodha ya mishahara isipotoka, kwanza asome daftari la matukio, ambamo mtambo wenyewe huandika saa na sababu. (Wengi huliruka hili.) Kisha atazame printa, isije ikawa karatasi tu zimekwisha, halafu foleni, kwani kazi moja ikikwama huweza kuzuia zilizo nyuma yake, halafu diski, ambayo ikijaa kazi husimama ijapokuwa programu ni sahihi.

Kuzima na kuwasha mtambo kusiwe dawa ya kwanza. Ukizimwa katikati ya hesabu, kisha kazi ikarudiwa bila uangalifu, mtumishi mmoja aweza kulipwa mara mbili na mwenziwe akakosa kabisa. Kabla ya kurudia, lithibitishwe kwanza jina la mwisho lililokwisha kuandikwa.