Ganzi ya Bega na Pumzi ya Mtu

Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye ni mkwezi wa minazi, alianguka akavunjika bega, ikalazimu apasuliwe. Daktari wa usingizi alipomwuliza kama ana maradhi ya kifua, mjomba alijibu, "Sina." Mama akadakia, "Kaka, na hicho kikohozi cha tumbaku kinachotuamsha usiku ni cha nani?" Hapo daktari akabadili sindano. Mimi nilistaajabu: bega na kifua vina udugu gani? Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia.

Msomaji, weka kiganja chini ya mbavu zako, uvute pumzi. Tumbo linatoka, sivyo? Hiyo ni kazi ya kiwambo, msuli mpana utengao kifua na tumbo. Kiwambo kiko chini, lakini mishipa yake miwili ya fahamu, mmoja kila upande, hutoka juu shingoni, penye pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Mishipa ya bega na mkono nayo huanzia hapo penye ya tano. Basi ni majirani wa ukuta mmoja.

Sindano iliyozoeleka hupigwa ubavuni mwa shingo, nayo huondoa maumivu ya bega barabara. Lakini dawa ikiwa mililita 20 au zaidi, humfikia jirani, na nusu ya kiwambo hulala karibu kwa kila mgonjwa mpaka ganzi iishe. Pumzi awezayo kuvuta na kutoa hupungua kwa kadiri ya robo. Kijana mwenye mapafu mazima huenda asitambue. Mtu kama mjomba angetweta.

Madaktari wamejaribu kupunguza dawa. Kwa mililita 5 tu, kiwambo hulala kwa karibu nusu ya wagonjwa. Ni nafuu, ila mimi nisingependa pumzi ya mjomba irushwe juu kama shilingi.

Njia nyingine ni kuiacha shingo kabisa, na kuutia ganzi mshipa upitao nyuma, juu ya fupa la bega, pamoja na mwenzake wa kwapani. Huko kiwambo ni mbali, hakiguswi ila mara chache. Lakini sindano huwa mbili, na mgonjwa azindukapo huweza kuumwa zaidi kuliko mwenye ganzi ya shingo.

Hiyo ndiyo aliyopigwa mjomba. Jioni ile bega lilimwuma, akamlaumu mama kwa maneno mengi. Mama akamwambia, "Lalamika tu, kaka. Pumzi unazo."