Hazina ya Maandishi

Ndugu msomaji, ukisikia neno hazina, unafikiri nini? Wengi wetu hufikiri dhahabu au fedha. Lakini iko hazina nyingine. Hazina hiyo ni maandishi.

Katika mji wa Hereford, Uingereza, lipo kanisa kuu la zamani. Kanisa hilo lina maktaba ya ajabu. Vitabu vimefungwa kwa minyororo kwenye rafu, kama mtumbwi unavyofungwa ufukweni. Kwa nini? Zamani vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Kitabu kimoja kilihitaji ngozi za wanyama wengi na kazi ya siku nyingi. Kilikuwa mali kubwa. Kwa hiyo msomaji alikisoma pale pale, wala hakwenda nacho nyumbani.

Afrika nayo ina hazina ya namna hii. Karibu na mji wa Adwa, Ethiopia, iko nyumba ya watawa iitwayo Abba Garima. Watawa wametunza humo vitabu vya Injili vilivyoandikwa juu ya ngozi ya mbuzi. Wataalamu walipopima vipande vidogo vya ngozi hiyo, waliona kwamba umri wake umepita miaka 1,300. Mbuzi wale walikufa zamani sana, lakini maneno bado yanasomeka.

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliona mila za wazee zinasahauliwa. Akaandika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu na Kijita. Aliimaliza mwaka 1945, lakini haikuchapwa. Hakukata tamaa. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapwa mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza alifariki. Yeye hayupo, lakini bado anatusimulia jinsi mababu walivyoishi.

Na wewe uliyeko hapa Mugango je? Huenda nyumbani kwako imo hazina: hati ya shamba, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto. Mchwa wakila hati ya shamba, siku ya ugomvi wa mpaka utaonyesha nini? Tunza karatasi zako katika sanduku la bati lenye mfuniko. Liinue juu ya mawe au meza, lisipate unyevu.

Kisha chukua daftari. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu majina ya mababu, na mahali walikotoka. Andika, tia tarehe, ulitunze daftari hilo. Zamani ungemtafuta mtu wa kukuandikia. Leo mkono wako mwenyewe unaweza.

Maswali

1. Kwa nini vitabu vya Hereford vilifungwa kwa minyororo?
2. Vitabu vya Abba Garima viliandikwa juu ya nini?
3. Tangu Kitereza amalize hadithi yake mpaka ilipochapwa ilipita miaka mingapi?
4. Taja karatasi tatu za nyumbani kwako zinazofaa kutunzwa. Zimewekwa wapi sasa?