Barakoa imepasuka, bima italipa?

Swali: Daktari, pumzi hunikatika usingizini, hivyo nalala na mashine ya kusukuma hewa. Barakoa yake imepasuka. Je, bima ya NHIF itanilipia? Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

Jibu: Pole sana. Usinunue kwanza ukitegemea kurudishiwa fedha; omba kibali kabla. Mwone daktari bingwa Hospitali ya Bugando, akuandikie barua inayotaja ugonjwa wako na kifaa hasa kilichoharibika. Barua inayosema tu “mashine mbovu” haimsaidii anayeamua, kwani barakoa na mpira wa hewa huchakaa mapema kuliko mashine yenyewe. Mashine nyingi hutunza rekodi ya saa ulizozitumia. Ambatanisha rekodi hiyo na barua, ni ushahidi mzito. Peleka barua hiyo ofisi ya NHIF Mwanza, udai jibu la maandishi hata wakikataa. Tafadhali, kwa sasa, kwa kuwa bila barakoa hulali vizuri, usiendeshe gari ukiwa na usingizi.