Picha ya Zamani Itunze: Mafunzo ya Mama wa Mtoto Mwenye Shanti

Mwanangu aliwekewa shanti akiwa mchanga: mrija unaotoa maji yaliyozidi kwenye ubongo na kuyateremsha tumboni. Kutoka Kianyaga hadi kliniki ya Kijabe ni safari ya kutwa, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tepu ya kupimia kichwa ina mwisho wake. Utosi ukiwa wazi, mzunguko wa kichwa husema mengi, na hata ultrasaundi hupenya pale. Mifupa ikishashikana, presha yaweza kupanda ndani na kichwa kisiongezeke. Hapo inahitajika picha ya CT.

2. Hesabu inayofanywa kwenye picha hiyo si ngumu. Vyumba vya maji ya ubongo vina pembe za mbele na za nyuma. Daktari hupima upana wa mbele, akajumlisha na wa nyuma, kisha akagawanya kwa upana wa ndani wa fuvu mara mbili. Mtoto asiye na tatizo hukaribia 0.37. Kipimo cha Evans, cha zamani zaidi, hutazama mbele tu, ilhali vyumba vya watoto wetu wengi hupanuka zaidi nyuma.

3. Namba moja haitoshi. Yuko mtoto ambaye shanti yake inafanya kazi vizuri na vyumba vimebaki vikubwa miaka yote. Yuko mwingine ambaye shanti imeziba na vyumba havijatanuka hata kidogo. Kwa hiyo daktari humlinganisha mtoto na yeye mwenyewe alipokuwa mzima, na swali lake la kwanza ni, "Mama, ile picha ya zamani umekuja nayo?" Nimewaona wazazi wakikosa jibu, na inauma, kwa sababu picha ile hairudi. Yangu naiweka mahali pakavu, mbali na jua, na nakala ya diski nimeomba.

4. Vyumba kupungua si ushindi wote. Katika hospitali ya CURE kule Mbale, Uganda, watoto wachanga 100 waligawanywa kati ya shanti na upasuaji wa endoskopi. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti kubwa baada ya miezi 12, si katika akili wala katika ukubwa wa ubongo. Ubongo wenyewe ulipimwa! Tangu nijue hilo, mimi huuliza pia ubongo umekua kiasi gani.

5. Mtoto akitapika mfululizo, akilala kupita kiasi, macho yakizama chini au akishikwa na homa, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na picha zake zote uzibebe.