Usimsomee mgeni historia, mpeleke kwa Kahindo

Mara ya kwanza nilipowakusanya vijana wanne tucheze Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza kwa maneno na dadu, wawili wa Masisi na wawili wa Walikale, niliwasomea historia ya falme za mchezo huo kwa nusu saa: vita, koo, miungu. Zamu ilipofika nikamuuliza mmoja, "Unafanya nini?" Akajibu, "Kwani naruhusiwa kufanya nini?"

Swali lile ndilo lililonifunza kazi. Mgeni hana haja ya kujua dunia ilianzaje. Anataka kujua nani ndugu yake, nini ni mwiko, na akikosea litampata lipi.

Juma lililofuata nikaacha falme zile, nikamchukua Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Habari zake mzee Rureke alizisimulia mwaka 1956 kwa siku 12, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakazichapisha mwaka 1969. Niliwapa mambo matatu tu: baba yako Shemwindo ameamuru wake zake wazae wasichana peke yao, wewe ni mvulana, shangazi yako Iyangura ameolewa na Mukiti, nyoka wa majini. Sasa baba amekufungia ndani ya ngoma na kukutupa mtoni. Unafanya nini? Yule yule aliyeuliza mara ya kwanza akasema bila kusita, "Naenda kwa shangazi." Sikuwa nimemwambia. Kwetu mtoto anajua baba akimgeuka atakimbilia wapi.

Mengine usiyaseme, yaweke njiani. Kabla ya kufika kwa Muisa wa kuzimu, Mwindo anamkuta Kahindo, mwili umejaa buba. Anamwosha vidonda, ndipo Kahindo anamwonya: Muisa akikupa kiti, kataa, akikupa kasiksi, pombe ya ndizi, kataa pia. Mimi nilimleta Kahindo mezani nikanyamaza. Vijana wawili wakampita. Wa tatu akauliza kama kuna maji karibu, akasema anamwosha. Sikumtaka arushe dadu. Nilimwinamia sikioni nikampa lile onyo, yeye peke yake. Tulipofika kwa Muisa na kiti kikasogezwa, alimshika mwenzake mkono, mkono hasa, akamwambia, "Usikae!" Kwa kusoma kurasa sijawahi kupata hilo.

Siri nyingine ziache zichelewe. Mwindo alimuua joka Kirimu bila kujua kwamba Nkuba, mwenye radi, alikuwa amechanjiana naye damu. Basi mpe mchezaji ushindi wake kwanza, halafu radi ingurume. Atakuuliza mwenyewe kwa nini, na sasa atakusikiliza hata saa nzima.

Wanyanga huiita simulizi hii karisi, na kwao si mchezo wa kupitisha jioni tu. Kwa hiyo, kabla hujanunua kitabu chochote cha michezo, ukimjua mzee wa Walikale anayeisimulia, mwendee. Omba ruhusa kwanza, kisha umwachie aseme, uyaandike majina kama anavyoyatamka yeye.