Programu Huria na Ghala Moja: Tafakuri kutoka Nyali

Mkaazi wa Nyali anayekwenda kisiwani Mombasa kwa gari hupita Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Likizibika kwa ajali, hapana budi asubiri, au azunguke bara kupitia Kaloleni na Mazeras, safari isiyotamaniwa na yeyote. Makala haya yanachunguza hali kama hiyo katika ulimwengu wa tarakilishi. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake huachwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuugawa. Hata hivyo, nyingi kati yazo zimewekwa katika ghala moja la mtandaoni, GitHub, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Hata Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, imeweka msimbo wake huko huko.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Git ni chombo. GitHub ni mahali. Tangu mwaka 2002 watunzi wa kiini cha Linux walitegemea BitKeeper, chombo cha kampuni binafsi. Ruhusa ya kukitumia bila malipo ilipoondolewa mwaka 2005, Linus Torvalds aliunda Git, ambayo humwachia kila mshiriki nakala kamili ya msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake. Kwa hivyo ghala likifungwa, msimbo wenyewe hausalimiki kwa bahati tu. Umo mikononi mwa wengi.

Kinachoweza kupotea ni mazungumzo. Maswali, malalamiko na majibizano ya washiriki hukaa katika hifadhidata ya kampuni, si ndani ya nakala ya Git. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, hasara hiyo si ndogo. Katika mradi wa kutafsiri programu, orodha ya istilahi itabaki, lakini mjadala ulioamua kwamba itumike “tarakilishi” badala ya “kompyuta” utatoweka. Na mwanaisimu huuhitaji mjadala huo kuliko orodha.

Hofu hii ina msingi. Google ilifunga ghala lake, Google Code, Januari 2016. Mwaka 2019 GitHub iliwawekea mipaka watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kosa lao lilikuwa mahali walipoishi, basi.

Je, tuhame? Sidhani, wenzetu wengi wako huko, na mradi usio na washiriki hufa mapema kuliko uliofungiwa. Ila nakala ya pili iwekwe Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha kibiashara nchini Ujerumani, au Software Heritage, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 2016. Na kila istilahi inapokubaliwa, sababu zake ziandikwe katika faili la kawaida ndani ya mradi, ili Git izibebe pamoja na msimbo.